Haya Mara Mbili

Vijana wa kwetu pale depo, mliniaga kwa keki na saa ya ukutani, kisha mkaning'ang'ania niandike niliyoyaona kazini. Basi nimekaa mezani hapa Tottenham, wiki ya tatu hii tangu nirudishe funguo, na ninaandika. Vyeo na mishahara sitaviandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu jambo lenyewe lilitokea kwa Kiswahili. Wanangu wakiyaona makaratasi haya watauliza kwa Kiingereza maana yake nini, nami nitajifanya sikusikia.

Ninyi mnaendesha peke yenu. Mna kamera, mna vioo, mna sauti ya kike inayowatajia abiria stesheni. Zamani zetu treni moja ya chini ya ardhi ilikuwa na watu wawili: dreva mbele, gadi nyuma, na katikati yao mabehewa saba ya watu wanaosoma magazeti. Kazi ya dreva ilikuwa kwenda na kusimama. Milango haikumhusu hata kidogo. Milango ilikuwa ya gadi, na gadi ndiye mimi.

Nilitoka Unguja miaka michache baada ya Mapinduzi, na yaliyonitoa si ya kuandikwa hapa. Siku ya kwanza kazini nilipewa kofia iliyonizidi kichwa, bendera mbili, taa ya mkononi na ufunguo mnene wa shaba, nikakabidhiwa kwa gadi mkongwe kutoka Barbados, Bwana Clifton. Alikuwa mrefu, msafi, na hakucheka na mtu kabla ya saa sita mchana. Badala ya kunipandisha treni, alinipeleka yadi akanitembeza chini, behewa baada ya behewa, akinionyesha reli zenye umeme kwa ncha ya mwavuli bila kuzigusa. "Hii inaua," alisema. "Na ile pale inaua. Umeelewa?" Nilielewa, Kiingereza hicho hata mgeni anakielewa.

Treni zile zilikuwa vipande viwili vilivyoungwa, kimoja cha mabehewa manne, kimoja cha matatu. Kila kipande kilikuwa na chumba cha dreva mwanzo na mwisho, kwa hiyo vikishaunganishwa, vyumba viwili vinatazamana vitupu katikati ya treni. Behewa la mota ndilo linalosukuma. Behewa la trela linavutwa tu, na kwenye kona ndilo linalopiga kelele kuliko yote. Wakati wa kuunganisha, dreva anasogea pole pole, vyuma vinashikana, klak, na papo hapo mipira ya hewa ya breki na nyaya za umeme zinakutana. Kisha anarudi nyuma kidogo, kuvuta, ajue kama vimeshikana kweli. Nyaya zile zilikutana kwa vifundo vidogo vya shaba, na vifundo vile vilipenda uchafu. Kifundo kimoja kikiingia vumbi, kitu fulani ndani ya treni kinakufa, na hujui ni kitu gani mpaka ukihitaji.

Mahali pa gadi palikuwa mwishoni mwa behewa la nyuma, humo humo na abiria, mgongo wako kwenye ukuta na vifungo vya milango begani. Unafungua, unafunga. Milango yote ikishafungika, taa ndogo inawaka mbele yako. Ndipo unapobonyeza kengele inayolia kwa dreva. Kengele mbili, nenda. Kengele moja, simama. Treni ikiondoka, mlango wako wewe unabaki wazi, na kichwa chako kiko nje unaangalia jukwaa mpaka mdomo wa shimo unakaribia kukukata shingo. Nilipoteza kofia mbili hivyo. Ya tatu Bwana Clifton aliishonea kamba mwenyewe.

Yeye ndiye aliyeniambia kwa nini tunatumia kengele. "Kengele haina hasira," alisema, "haina mafua, haina lafudhi." Wakati ule Kiingereza chake nilikuwa nakipata nusu. Nilicheka kwa adabu nikaendelea na kazi.

Mwaka wa pili nilipangwa na Harish. Harish alikuwa dreva, Mhindi wa Kisumu, familia yake ilihamia Harrow na mama mzee, mke na mabinti wawili. Siku ya kwanza nilimsikia kantini akiikaripia mashine ya chai: "Wewe iko shida gani?" Nikageuka kama nimeitwa jina. Loo, raha niliyoipata siku ile! Nilikuwa na miezi sijasikia Kiswahili nje ya chumba changu. Yeye alinicheka kwa Kiswahili changu cha Unguja, akisema naongea kama nasoma barua, nami nikamwambia chake kimejaa "iko" kila mahali utadhani kinauzwa kwa kilo. Tukawa hivyo. Nilimwita Harish bhai, yaani ndugu kwa lugha yao, yeye aliniita Makame, na wasimamizi wakazoea kutupanga pamoja.

Kati ya gadi na dreva kulikuwa na simu, kipaza sauti kidogo cha kuulizana kama kuna hitilafu. Amri ilisema wazi: simu ni ya kuzungumza, treni haiondoki kwa simu. Kengele ikifa, unaonyesha bendera ya kijani, na kama jukwaa limepinda dreva asikuone, anasimama mtu wa stesheni katikati aipokee na kuipeleka mbele. Lakini mnajua kazi. Kusubiri mtu wa katikati kunakula dakika, na nyuma yako treni nyingine imeshatia pua. Kengele za treni zile kongwe zilikuwa zinakufa na kufufuka. Ilianza kwa mzaha: siku moja imelia kinyonge, Harish akauliza kwenye simu, "Hiyo ilikuwa kengele ama nini?" nami nikajibu, "Haya, haya!" nikiigiza kengele mbili. Akacheka akaondoka. Kuanzia hapo tukawa na sheria yetu. Haya moja ni maneno tu. Haya mbili ni kengele mbili. Miaka minne tulifanya hivyo kila kengele ilipotuangusha, na kila mara nilijiona hodari kuliko kitabu cha amri.

Sasa nifike kwenye asubuhi ile.

Tuliunganisha vipande viwili yadi, nikaijaribu kengele, ikalia vizuri, nikaandika kwenye karatasi kwamba imelia. Hilo nilifanya sawasawa na nataka mjue. Stesheni ya tano kengele ikafa. Nilibonyeza, kimya. Harish akauliza, "Makame, vipi?" Nikatazama jukwaa, taa yangu inawaka, nikasema haya haya, tukaenda. Stesheni iliyofuata vile vile. Iliyofuata vile vile. Tulikuwa tumeshachelewa, watu wa asubuhi wamejaa, madirisha yametoka jasho, na mbele yetu ilikuwa stesheni ambayo jukwaa lake limepinda, hata ukitoa kiwiliwili kizima nje huoni zaidi ya mabehewa matano.

Nilifunga milango. Taa ikawaka. Nikatoa kichwa. Kwenye behewa la nne, pale jukwaa linapoanza kupinda, nikaona koti la kijani limesimama karibu mno na mlango. Alikuwa mama wa makamo, amekosa kupanda. Wanaokosa treni hurudi nyuma hatua moja wakaanza kunung'unika, kila siku ni hivyo. Huyu hakurudi nyuma. Alikuwa ameinama kidogo, anavuta kitu tumboni kwake.

"Makame, vipi?" simu ikasema.

Nilikuwa nimekaza macho kwenye lile koti. Taa inaniambia milango imefunga, na ilikuwa imefunga kweli, isipokuwa mkanda wa koti ni mwembamba, unapita kati ya mipira miwili ya mlango na taa isijue. Hilo nimelielewa baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba kuna kitu si sawa.

"Makame! Taa ya njia itageuka nyekundu. Vipi?"

Nikaudhika. Mtu unatazama jambo na mwingine anakupigia kelele sikioni. Nikamjibu vile tunavyomjibu kwetu mtu anayekusumbua, ili anyamaze: "Haya, haya!"

Neno "ngoja" lilikuwa mdomoni, wallahi lilikuwa mdomoni. Treni ikaondoka.

Yule mama alitembea nayo hatua tatu, halafu akakimbia, halafu miguu ikamwacha. Nilivuta mkono wa breki ya hatari kwa mikono miwili na kwa uzito wangu wote. Abiria walianguka juu yangu, mmoja akanitukana. Treni ilikwenda urefu wa mabehewa mawili na nusu kabla haijasimama, na urefu ule mpaka leo nikilala naupima. Niliruka jukwaani nikakimbia. Mkanda ulikuwa umekatika. Mama amekaa chini, ameegemea ukuta, mkono wake wa kushoto umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Kutoka alipokuwa mpaka ukingo wa mdomo wa shimo palikuwa na hatua kama sita. Akaniangalia akaniuliza kwa upole kabisa, "Kiatu changu kiko wapi?" Nilitazama kila mahali. Kiatu kilikuwa kimeangukia relini. Nilitamani ardhi inimeze, na ardhini tayari nilikuwemo.

Harish alikuja mbio kutoka mbele. Tulitazamana tu, kisha msimamizi akatutenganisha, na tangu dakika ile tukakatazwa kuzungumza mpaka uchunguzi uishe.

Wiki tatu nilikaa nyumbani. Mke wangu Rukia alikuwa na mimba ya miezi saba, anaviona viatu vyangu vya kazi mlangoni kila asubuhi na haulizi. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi alinijia, akakaa kwenye kochi na kofia yake gotini. "Nikueleze kwa ufupi," alisema. "Kama ulimpa ruhusa, dreva amepona na wewe huna kazi. Kama hukumpa, wewe umepona na yeye hana kazi. Kuna abiria alikuwa karibu nawe, kasikia ukisema kitu kama 'hiya' kwenye simu. Alidhani unamsalimia mtu. Mara ngapi, hakumbuki, alikuwa anasoma gazeti." Akanitazama. "Wewe unakumbuka?"

Nikasema nitakumbuka siku ya kuulizwa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeyasikia hayo mara nyingi.

Usiku ule na nyingine zilizofuata sikufikiri jambo jingine. Nilisema mara mbili. Harish alikuwa na haki zote kuondoka, kwa sheria yetu wenyewe. Atasema mara mbili, na atakuwa amesema kweli, nami nitarudi mtaani na mtoto yuko njiani. Nilimwomba Mungu amsahaulishe. Ndiyo, niliomba hivyo, na sijivunii.

Siku ya uchunguzi walikuwa mabwana watatu nyuma ya meza ndefu. Pembeni yao walimweka mkalimani, Mwingereza mzee aliyewahi kuwa na kazi ya serikali huko bara zamani za wakoloni, na kamusi yake ameishika kwa mikono miwili. Waliulizwa watu wa stesheni, likasomwa neno la yule abiria, ikafika kwenye "hiya". Mkalimani akafungua kamusi. "Haya," akasoma, "aibu, soni, fedheha." Mabwana wakatazamana. Akageuza ukurasa haraka akasema kuna neno jingine la sura hiyo hiyo, la kuhimiza au la kukubali. Lakini mimi la kwanza lilikuwa limeshaniingia.

Wakamgeukia Harish. Alisimama, ingawa walimwambia anaweza kukaa. Akaeleza kila kitu, jinsi tulivyoanza, haya moja na haya mbili, bila kujificha. Mwenyekiti kalamu yake ilikuwa inakimbia. Kisha akauliza, "Na asubuhi ile ulisikia ngapi?"

Mikono yangu ilikuwa chini ya meza nimeibana kwa magoti.

"Moja," Harish akasema.

"Moja. Na moja si ruhusa?"

"Si ruhusa."

"Kwa nini basi uliondoka?"

"Nilikosea."

Mwenyekiti akamwashiria mkalimani, na yule mzee akaniinamia akaniuliza kwa Kiswahili cha kitabuni, kila silabi mahali pake: "Bwana Makame, neno hilo ulilitamka mara ngapi?"

Ningeweza kusema. Nafasi nilipewa, tena kwa lugha yangu, nisije nikasingizia Kiingereza. Nilimtazama Harish. Alikuwa anatazama dirisha.

"Mara moja," nikasema.

Nilipewa karipio kali la maandishi na miezi mitatu ya kufagia majukwaa. Harish alivuliwa udreva moja kwa moja. Wakampeleka mlangoni mwa stesheni moja kukata tiketi, akakaa mwaka, akaacha kazi akafungua duka la magazeti kule Harrow. Yule mama mkono ulipona. Alituma kadi depo kumshukuru gadi aliyevuta breki, na msimamizi akaibandika ukutani, nikawa naipita kila nikiingia zamu.

Mengine mnayajua. Nilifanya kazi ile miaka ishirini na kitu, baadaye nami nikaendesha, kisha nikawafundisha ninyi. Mnakumbuka nilivyokuwa nawakaripia mkisema neno moja la ziada kwenye simu. Mlinicheka mkaniita Mzee Kengele, nilikuwa najua. Gadi waliondolewa, treni zile za vipande viwili zikakatwa vyuma chakavu. Muda wote huo sikukanyaga Harrow. Nikialikwa harusi kule nilikuwa naumwa. Stesheni alikokuwa anakata tiketi nilipita nimeinamisha kichwa kwenye vyombo vyangu, hata baada ya yeye kuondoka.

Ijumaa iliyopita nilikwenda. Sikuwa tena na kazi ya kuilinda, na nilichoka. Nyumba niliipata kwa kuulizia duka. Mkewe, Bi Kusum, alifungua mlango, akanitazama usoni kidogo, akasema, "Makame," kama nilitoka pale juzi, akaniingiza ndani. Harish alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, sukari imemla mguu mmoja, nywele zote nyeupe. Bi Kusum akaenda jikoni kupika chai.

Sikungoja chai. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kofia mkononi. "Harish bhai, nilisema mara mbili. Uliponisemea moja nikanyamaza, na nilipoulizwa nikasema uongo. Nimekula riziki yako miaka yote hii. Nimekuja unisamehe, na kama husamehi nitaondoka."

Akaniambia nikae. Nikakaa.

"Najua ulisema mbili," akasema. "Mimi iko na masikio."

"Basi kwa nini ulisema moja?"

Alisugua goti lake. "Makame, miaka minne nilisikia sauti yako kwenye ile simu. Haya yako ya kwenda nilikuwa naijua, unaisema juu juu, unacheka. Ile ya siku ile haikuwa ya kwenda. Ilikuwa ya mtu amechokozwa. Nilijua, bwana. Nilijua bado hujamaliza kutazama. Lakini taa ya njia ilikuwa inageuka, nimechelewa, nikajiambia, amesema mbili, inatosha." Akaniangalia. "Wale mabwana ningewaeleza nini? Kwamba nilisikia mbili lakini nikajua si mbili? Wangeandika wapi maneno hayo? Nikasema moja. Hiyo ndiyo ilikuwa kweli."

Badala ya kushukuru, nikapandwa na hasira, vile vile kama mtu wa miaka thelathini. "Na hukuniambia? Mie nimekwisha, Harish! Sikulala! Mbona hukuja kuniambia?"

"Nilikungoja uje unilaumu," akasema. "Mwanamke angekufa kwa haraka yangu, na wewe ndiye ulimwokoa. Kila mlango ukigongwa nilisema ni Makame. Hukuja. Nikasema, ananichukia, ana haki."

"Nilikuwa nakuogopa wewe!"

"Na mimi wewe."

Bi Kusum aliingia na sinia la chai, akatukuta wazee wawili wazima tunalia kwa sauti, tumeshikana mikono. Akaliweka sinia chini akamuuliza mumewe kwa Kigujarati, maneno machache, nikayaelewa bila kutafsiriwa. Alikuwa anauliza nani amekufa.

Harish alijifuta uso kwa kiganja, akamjibu kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Hakuna," akasema. "Hakufa mtu."